Akidi ya Msibani

Nansio, Ukerewe
9 Juni 2024

Kaka Rwehumbiza,

Akidi ni idadi ya chini ya wajumbe ambayo, isipotimia, waliopo si kikao bali ni watu waliokaa pamoja. Tafsiri hii si yangu. Uliiandika wewe mwaka 2021, katika ukumbi wa shule pale Mkuyuni, siku tulipoanzisha chama, ukamtaka kila mmoja wetu airudie kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Ulisema chama tulichotoka kilianza kuoza siku kilipokubali kuamuliwa na watu waliokaa pamoja. Nalitanguliza neno hilo mbele ya salamu ili usidhani nimelisahau.

Sasa salamu. Shikamoo. Natumaini u mzima, presha imetulia, na dawa unakunywa bila kusubiri kukumbushwa. Mama ameniambia kwa simu kwamba goti limemrudia na kwamba migomba ya nyuma ya nyumba imeangushwa na upepo. Alinieleza habari za migomba kwa kirefu na za goti kwa kifupi, kwa hiyo nadhani goti linauma sana. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri watu waliofiwa wanavyoweza kusema hivyo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kundi letu la WhatsApp ulilifunga siku ya pili baada ya matanga, bila kuaga, na kwa sababu ni wewe uliyetufundisha kwamba jambo la chama lisilo kwenye karatasi halikutokea.

Juzi mjumbe mwenzetu Nestory alishuka melini na bahasha yako. Alikaa kwenye kiti cha marehemu bila kujua, nikamwacha. Akanywa chai, akauliza habari za mihogo, akasifia mbwa ambaye hata sisi wenyewe hatumsifii, kisha akatoa kalamu. Ndani ya bahasha mlikuwa na kurasa tatu: "Muhtasari wa Mkutano Maalumu wa Baraza Kuu la Chama cha Kazi na Jamii, uliofanyika Nansio tarehe 21 Aprili 2024." Umeandika kwamba waliohudhuria ni wajumbe kumi na wanne kati ya ishirini na mmoja, hivyo akidi ilitimia. Umeandika kwamba Baraza liliazimia, bila kupingwa, kukivunja chama na kurejea katika chama tulichotoka. Jina langu ni la kumi na nne.

Kaka, tarehe 21 Aprili tulikuwa tunamaliza matanga ya mume wangu.

Nilikuwa chumbani, sakafuni, nimejifunika khanga mpaka kichwani, kama ukoo wa Machibya unavyomtaka mjane: hatoki, hasalimii, hazungumzi na wanaume mpaka wazee waseme matanga yamekwisha. Hao kumi na watatu, ukiwamo wewe, mlikuwa uani chini ya turubai. Wenzako hawakuja kwenye Baraza. Walikuja kumzika mwenyekiti wao, wakalala juu ya mikeka yangu, wakachota maji kwenye pipa langu. Ukasimama katikati yao ukawahesabu.

Nestory anasema bila saini yangu muhtasari hauna nguvu, kwa kuwa ibara ya 31, nayo ya mkono wako, inadai saini ya kila aliyehudhuria pale chama kinapovunjwa. Nimemrudisha na bahasha tupu. Kurasa zako ninazo. Sitasaini kwamba nilikuwa mahali ambapo sikuwa. Ninachokuomba ni kifupi: uniandikie kwa mkono wako kwamba mkutano ule haukuwa mkutano.

Mdogo wako,
Prudencia

*

Mwanza
20 Juni 2024

Mdogo wangu Prudencia,

Marahaba. Mimi ni mzima, presha imeshuka, na dawa nakunywa. Mama nitamwona mwisho wa mwezi, nitampelekea dawa ya kuchua goti. Pole tena na tena kwa upweke wa nyumba. Machibya alikuwa shemeji yangu kwa ndoa yako, lakini urafiki wetu ulikuwa wa hiari yetu wenyewe, na hiari ina uzito wake.

Nitajibu hoja kwa hoja, na hasira nitaiweka kando, yako na yangu.

Kuna ukweli ambao barua yako haiutaji. Kuanzia Agosti mwaka jana niliitisha Baraza mara nne. Mara ya kwanza walikuja tisa. Mara ya pili walikuja saba, na wawili kati yao walikuwa wanakimbia mvua. Mara ya mwisho tulikuwa mimi, Nestory na mumeo. Machibya alitazama viti vitupu akasema, "Jamani, hakuna chama cha kidemokrasia kama chetu nchi nzima. Kila mwanachama ni kiongozi, na kila kiongozi amechoka." Tulicheka, tukarudisha viti darasani, tukaachana.

Fikiri hali ile kwa makini. Chama kisicho na akidi hakiwezi kuendelea, kwa kuwa kuendelea kunahitaji maazimio. Hakiwezi kufa pia, kwa kuwa kufa nako kunahitaji azimio. Mjini walikuwa wanatuita chama cha mashemeji, na mimi nilikuwa katibu mkuu wa kitu kisichoweza kuishi wala kuzikwa. Siku ile uani kwako niliinua macho nikaona tuko wajumbe kumi na watatu chini ya turubai moja. Tangu siku ya kuanzishwa sikuwahi kutuona wengi hivyo. Chama ambacho kilipata akidi msibani tu kilikuwa kimekufa kabla ya marehemu. Mimi nilikitangaza.

Sikuvamia shughuli. Mzee Chenge, mkubwa wa ukoo, ndiye aliyesimama akauliza kama inavyoulizwa siku hiyo: marehemu ameacha nini, na nani atakishika? Wakataja nyumba, shamba la mihogo, ng'ombe. Nikasimama nikasema marehemu ameacha pia chama. Je, nilidanganya? Alikiacha, na hakuna aliyekuwa tayari kukishika. Nikaeleza hali yetu kwa ufupi. Nikauliza kama kuna mjumbe anayepinga kifungwe na tuliobaki turudi kwa wenzetu. Hakuna aliyeinua mkono. Ibara ya 12 inasema mjumbe aliyepo asiyepinga amekubali. Uliipigia kura ibara hiyo.

Na wewe ulikuwepo. Chumba kile kina dirisha la nondo lisilo na kioo, nami nilisimama karibu nalo. Ni kweli mjane hazungumzi, lakini ana msemaji. Dorcas, jirani yako, alikuwa amekaa mlangoni kwa kazi hiyo hiyo. Katikati ya maelezo yangu alitoka akasema, "Mwenye nyumba anasema wageni wa meli wapewe chakula kwanza, meli haina subira." Kwa hiyo ulikuwa unasikia, na ulikuwa na mdomo wa kutumia. Uliutumia kwa ugali.

Sasa kuhusu wanaoumia. Wenzetu wa zamani wamekubali kutupokea kama kundi, chama kikiwa kimevunjwa rasmi, na kila mtu ahesabiwe miaka yake yote ya uanachama. Anayerudi peke yake anawekwa nje ya uongozi kwa miaka mitano. Nestory anataka kugombea uenyekiti wa mtaa pale Mkuyuni Novemba hii, na angeshinda. Anayemzuia si mpinzani wake. Ni saini ya mama mmoja aliyeko Nansio.

Ninarudisha ombi lako na kuweka langu. Saini.

Kaka yako,
Rwehumbiza

*

Nansio
2 Julai 2024

Rwehumbiza,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku kuna upepo, na sato wamekuwa adimu. Mbwa hajambo.

Umesema mdomo wangu niliutumia kwa ugali. Ni kweli. Watu walikuwa wametoka Mwanza kumzika mume wangu, mchana umepita hawajala, na katibu mkuu wao anawasomea ibara. Neno moja nililoruhusiwa nililitumia kwa ajili yao. Ungekuwa umelikumbuka wewe, nisingelilazimika kulisema.

Msemaji wa mjane husemea chakula, maji na mahali pa kulala wageni. Dorcas angethubutu kutia neno la chama mbele ya wazee wa ukoo, wangemwondoa mlangoni na kuweka mwingine. Unalijua hilo, na nitakuambia umelijulia wapi.

Baba alipokufa, Mama alikaa sakafuni, nyuma ya ukuta, kama nilivyokaa mimi. Wanaume walikaa nje wakagawa kibanja, shamba la nyumbani. Migomba ya juu ikaenda kwa baba mkubwa, kahawa ikaenda kwa mtoto wake, na sisi tukaachiwa ukanda ule wa mawe ambao Mama bado anaulilia upepo ukivuma. Alipotoka chumbani akauliza, baba mkubwa alimjibu, "Bernadetta, ulikuwepo. Ulisikia. Mbona hukusema?" Ulikuwa kidato cha pili. Nilikuwa nimekushika shati. Ulimwambia mzee yule usoni, mbele ya ukoo wote, "Mama hakuwepo. Kuwa nyuma ya ukuta si kuwepo." Alikupiga kofi, nawe ukarudia maneno yale yale. Baadaye uliniambia utasoma sheria ili siku moja uandike kanuni ambayo mtu wa namna ile hawezi kupenya. Ukasoma. Ukaiandika. Halafu ukaja uani kwangu ukapenya wewe.

Uliniambia nifikiri kwa makini. Nimefikiri. Hebu nawe ukumbuke tulivyotoka katika chama cha zamani. Mkutano wa kanda ulikuwa Geita. Hoja ilikuwa moja: chama kisimame na vibarua wa viwanda vya minofu ya samaki, wapewe mikataba na matibabu, hata kama mmoja wa wenye viwanda alikuwa mfadhili wetu. Machibya aliiandika hoja ile kwa vidole vilivyokatwakatwa na kisu cha minofu. Siku ya mkutano mimi, wewe na yeye tulikuwa Kigongo, kwenye foleni ya malori, tunatazama kivuko kinakwenda na kurudi bila sisi. Tulipofika Geita hoja ilikuwa imetupwa. Tukauliza imetupwa na nani, maana bila sisi wa Mwanza akidi isingetimia. Mwenyekiti wa kanda akasema, "Nyie mlikuwa njiani. Tuliwahesabu kuwa mmefika."

Machibya alicheka kile kicheko chake kibaya, akasema, "Wakituzoea hawa, watatuhesabu tukiwa makaburini."

Alikosea kidogo tu. Hukumhesabu yeye. Ulimhesabu mkewe.

Chama chetu kilizaliwa kwenye foleni ile, Rwehumbiza. Hakikuzaliwa kwa sababu ya minofu, maana wanaowatetea wavuvi na vibarua majukwaani ni wengi. Kilizaliwa kwa sababu watu watatu walikataa kuhesabiwa mahali ambapo hawakuwepo. Ukiniambia kimekufa kwa kukosa watu, nitalia nikubali. Lakini umekiua kwa kosa lile lile lililokizaa, halafu unaniletea kalamu.

Sisaini.

Prudencia

*

Mwanza
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Prudencia,

Barua yako haina shikamoo. Niliitafuta juu, nikaitafuta chini. Haina hata neno mdogo wako. Nimepokea, na sitalipiza: natumaini u mzima, upepo umetulia, na unakula hata kama unapika kwa ajili ya mtu mmoja.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikwenda Kamachumu kumwona Mama, kisha kwa sababu sikutaka kukujibu nikiwa na hali niliyokuwa nayo. Hali hiyo haijaondoka, kwa hiyo nakujibu nayo.

Usimlete Mama katika jambo hili. Hata hivyo, kwa kuwa umemleta, tumtazame sawasawa. Mama hakuwa mjumbe wa baraza lile la ukoo. Hakuna aliyemhesabu, hakuna kiti kilichokuwa chake, na sauti yake isingebadilisha chochote hata angetoka chumbani akipiga kelele. Kosa la siku ile ni kwamba hakuhesabiwa. Mimi nilikuhesabu. Nilikutendea kama mjumbe kamili ukiwa sakafuni na khanga kichwani, kwa sababu kwangu ujane haumpunguzii mtu ujumbe. Ukisema hukuwepo kwa kuwa ulikuwa umefiwa, unajiondoa wewe mwenyewe mahali ambapo nilikataa kukuondoa. Pima hilo kabla hujanifananisha tena na baba mkubwa.

Sasa jambo ambalo nilikusudia kulibeba peke yangu. Wiki moja kabla hajafa, nilikaa na Machibya wodini. Wewe ulikuwa umekwenda kumfulia. Nilimwambia chama hakiendi. Alisema anajua. Nilimuuliza nifanye nini. Akasema, na nayaandika maneno yake kama alivyoyatamka: "Shemeji, usikifunge ningali hai, nitaona aibu. Nikiondoka, kifunge upesi, kabla hawajatawanyika. Wakishatawanyika huwapati tena." Nikamuuliza, na Prudencia? Akasema, "Huyo usimwambie. Atakushinda kwa hoja."

Kwa hiyo uani kwako sikukuibia. Nilitekeleza. Hakuna siku nyingine ambayo wangekuwa hawajatawanyika. Aliijua siku hiyo kabla yangu, kwa sababu ilikuwa yake.

Umenieleza chama kilivyozaliwa. Mimi nilikiona kilivyomla Machibya. Kiwandani walimwachisha kazi kwa sababu yake. Alizunguka na homa mialoni, wavuvi wanakoshushia samaki, Kayenze leo, Sengerema kesho, akiwahutubia watu wanaotengeneza nyavu bila kuinua macho. Wengine walimwambia, "Mzee, ukishinda utatupa nini?" Naye alikuwa anajibu kwamba hawezi kushinda, kwamba anataka wajue wana haki. Alirudi kwako na kifua kile. Kitu hicho ndicho unachokilinda kwa kuninyima saini yako. Mimi ndugu yako, aliyeosha maiti ya mumeo pamoja na wazee wa ukoo wake, ndiye unayemwandikia bila salamu.

Muhtasari ninao mwingine. Nitamtuma Nestory nao.

Kaka yako,
Rwehumbiza

*

Mwanza
31 Agosti 2024

Prudencia,

Habari za siku. Jibu halijaja, simu hupokei, na Mama ananiuliza kuna nini kati yetu. Nimemwambia ni mambo ya chama. Amesema, "Chama gani tena, si mlisema kimekwisha?"

Wenzetu wametupa mpaka katikati ya Septemba. Nestory atapanda meli ya Jumamosi tarehe 7. Ukikataa, kataa kwa maandishi, nami sitakusumbua tena. Lakini usimrudishe mtu yule mikono mitupu mara ya pili.

Kaka yako

*

Nansio
7 Septemba 2024

Kaka Rwehumbiza,

Shikamoo. Nimeirudisha, kwa sababu niliona unaanza kuitumia kama hoja. Natumaini u mzima, na presha, na dawa. Mama nimempigia jana. Nimemwambia kati yetu hakuna kitu kisichoweza kuandikwa. Hakuridhika, lakini alianza habari za migomba, kwa hiyo nadhani ametusamehe wote wawili.

Ninaandika haya Nestory akiwa sebuleni anakula. Meli inaondoka alasiri. Safari hii amekaa kwenye benchi.

Barua yako ya Agosti niliisoma mara moja, nikaenda shambani, nikapalilia mihogo ambayo haikuhitaji kupaliliwa. Naamini kila neno. "Atakushinda kwa hoja" ni Machibya kabisa, na hilo la aibu ndilo lililoniumiza kuliko yote. Miaka yote ile alikuwa anarudi nyumbani, anavua viatu, ananiambia mambo yanakwenda. Siku moja alivua kimoja tu akasinzia nacho kingine mguuni, nami nikamvua, nikijua vizuri kwamba mwaloni hakupata hata mtu mmoja. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anamfichia mwenzake jambo ambalo wote tunalijua. Nilikasirika naye. Nilikwenda kaburini nikamwambia, kwa sauti, na mpalilia makaburi akaondoka kwa heshima.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kujua kama neno lake linanifunga. Nimeipima hoja yako kwa upande wako kwanza, kama ulivyonifundisha. Kama ningekuwa mjane tu, lingenifunga: mume ameomba, mke ametekeleza. Lakini ulinihesabu kama mjumbe. Wewe mwenyewe unajivunia hilo. Basi nitazame kama mjumbe. Mjumbe hafungwi na neno la mwenyekiti alilomwambia katibu wake wodini, wajumbe wakiwa hawajui. Kule Geita aliamua mtu mmoja sisi tukiwa Kigongo, tukatoka. Huku mmeamua wawili mimi nikiwa nafua mashuka yake. Mmeongeza mmoja, kaka. Hayo ndiyo maendeleo yote tuliyoyapata.

Na Machibya alijua. Ndiyo maana alikukataza usiniambie. Angalikuwa na uhakika kwamba ni halali, angaliniambia mwenyewe, na tungaligombana mpaka asubuhi kama kawaida yetu, na huenda angalinishinda.

Kuhusu Mama, hoja yako ni nzuri na nimeizunguka kwa siku nyingi. Unasema kosa la siku ile ni kutohesabiwa, na mimi ulinihesabu. Lakini ulinihesabu kwa kitu gani? Hukunihesabu ili usikie nitasema nini. Usingekuwa na haja ya idadi, ungelijua dirisha lile lina mtu nyuma yake? Baba mkubwa alihitaji ukimya wa Mama ili apate migomba. Wewe ulihitaji ukimya wangu ili upate kumi na nne. Tofauti ni kwamba yeye hakuuita heshima.

Sasa muhtasari. Nestory anakurudishia ukiwa na saini yangu.

Usifurahi kabla hujasoma. Ukurasa wa kwanza, chini ya "Waliohudhuria", nimekata jina la kumi na nne. Ukurasa huo huo, chini ya "Waliotoa udhuru", ulikuwa umeandika "hakuna". Nimekata "hakuna", nikaandika: "Prudencia Machibya. Alikuwa amefiwa." Nikasaini hapo. Huo ndio muhtasari ninaoweza kuusaini, kwa sababu sasa ni wa kweli. Haukosi kitu isipokuwa akidi.

Nestory aliusoma, akausoma tena. Akasema, "Mama, sasa mimi nafanyaje?" Nikamwambia ibara ya 9 ni fupi kuliko zote ulizoandika: anayetaka kutoka chamani aandike mstari mmoja na kuweka jina. Akasema, "Wakinikalisha nje miaka mitano?" Nikamwambia watamkalisha. Alitazama nje, upande wa bendera yetu, ambayo sasa imepauka huwezi kujua ilikuwa rangi gani. Akasema, "Mzee angenitukana." Nikasema, "Angekutukana, halafu angekusindikiza mpaka melini." Akacheka, akaomba karatasi.

Aliandika mstari wake kwenye meza yangu, akanipa kwa mikono miwili. Sikuwahi kuona mtu akitoka kwenye chama kwa adabu hivyo. Ndipo nikamkaribisha chakula, na sahani ameimaliza.

Wengine watafuata, najua. Wataandika mmoja mmoja, na nitazipokea zote, na sitamlaumu mtu, kwa kuwa kila mmoja atakuwa amesimama mahali alipo na kusema kwa mdomo wake. Nawe unaweza kuandika mstari wako. Utaniuma, lakini utakuwa wa halali.

Halafu nitabaki mimi. Nimeipekua katiba yako yote, jalada hadi jalada. Umeandika kwamba wajumbe kumi na wanne wanatosha kukiua chama. Sikuona popote ulipoandika wanaotosha kukifanya kiwe hai ni wangapi. Ni wangapi, kaka?

Mdogo wako wa tumbo moja,
Prudencia